Chakula cha sungura: Mzazi asome nyuzinyuzi kabla ya bei

UFUGAJI wa sungura unazifaa familia nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam. Kwenye ua mdogo wa Chamazi au Toangoma wilayani Temeke, au Bunju na Mabwepande wilayani Kinondoni, ng'ombe hana pa kukaa. Sungura hapigi kelele, vizimba vyake hutosha kwenye kona ya ukuta, na mtoto wa darasa la tano anaweza kumpa maji na majani kabla ya kwenda shule.

Kinachoamua kama mradi huo utaleta nyama mezani na ada ya shule ni chakula. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mama au baba anafika duka la vyakula vya mifugo akiwa na fedha za mfuko mmoja. Anakuta peleti za sungura za bei mbili au tatu tofauti, na pembeni yake kuna chakula cha kuku cha bei ya chini zaidi. Muuza duka anamwambia vyote ni chakula tu. Mzazi anachukua cha bei ndogo. Wiki tatu baadaye watoto wa sungura wanaanza kuharisha, na kila asubuhi kuna mmoja amekufa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwa sungura, rahisi huvunja zaidi pale mnunuzi anapotazama bei ya mfuko bila kutazama kilichoandikwa juu yake.

Tumbo la sungura si la kuku

Sungura ni mla majani. Chakula chake humalizikia kwenye kifuko kikubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako mabilioni ya vijidudu rafiki hukichachusha. Kutoka hapo sungura hutoa kinyesi cha aina mbili. Kile kigumu cha mviringo ndicho kinachoonekana chini ya kizimba. Kingine ni laini, na sungura hukila moja kwa moja, ili kupata protini na vitamini zilizotengenezwa na vijidudu hivyo. Mzazi akimwona sungura anafanya hivyo asishtuke, wala asimzuie. Ni sehemu ya ulaji wake.

Mfumo huo unahitaji nyuzinyuzi, yaani zile sehemu ngumu za majani zisizoyeyuka haraka, ili utumbo uendelee kusukuma chakula. Nyuzinyuzi zikipungua na wanga ukizidi, utumbo hupunguza mwendo. Wanga usiosagwa huteremka hadi kwenye kile kifuko na kuwalisha bakteria wabaya, ambao hutoa gesi na sumu. Sungura hana uwezo wa kutapika. Hujaa tumbo, huacha kula, huharisha, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Walio hatarini zaidi ni watoto wenye umri wa wiki 4 hadi 8, kwa sababu wametoka kwenye maziwa ya mama na vijidudu vyao vya tumboni havijatulia. Ndiyo maana mfugaji anayekosea chakula huona majike yake yana afya njema huku watoto wakiisha.

Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuhusu ufugaji wa sungura unataja protini ya karibu asilimia 16 na nyuzinyuzi za karibu asilimia 14 kwa sungura wanaokua. Jike anayenyonyesha anahitaji protini zaidi, karibu asilimia 18. Chakula cha kuku kwa kawaida hakizidi asilimia 6 au 7 za nyuzinyuzi, na wanga wake ni mwingi. Kuku hunawiri nacho. Mtoto wa sungura hukilipia kwa tumbo lake.

Dawa iliyofichwa ndani ya mfuko

Chakula cha kuku kina hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Baadhi ya vyakula vya kuku wa nyama na vifaranga huwekewa dawa ya kuzuia koksidia, ugonjwa unaosababisha kuhara damu. Baadhi ya dawa hizo, zikiwamo narasini na maduramisini, ni sumu kwa sungura. Kiasi ambacho kuku anakistahimili kinaweza kumlegeza sungura misuli, akashindwa kusimama na kufa.

Kwa hiyo ushauri wa kuchanganya nusu peleti na nusu chakula cha kuku ili kupunguza gharama haufai, hata kama jirani anasema sungura wake wanakula na hawajafa. Huenda mfuko wa jirani haukuwa na dawa hiyo, na mfuko unaofuata ukawa nayo. Familia inayofuga kuku na sungura pamoja iweke vyakula hivyo kwenye vyombo tofauti vyenye rangi tofauti, ili mtoto anayelisha asikosee.

Hesabu ya mfuko

Bei ya mfuko haimwambii mfugaji gharama ya kumfikisha sungura mmoja sokoni. Mfano huu ni wa hesabu tu, kwa kuwa bei hubadilika kila msimu na kila mtaa.

Tuseme kuna mifuko miwili ya kilo 50. Mmoja unauzwa Sh60,000 na mwingine Sh75,000. Mtoto wa sungura anaachishwa kunyonya akiwa na gramu 600, na familia inataka afikie kilo 2. Anatakiwa kuongeza kilo 1.4. Kwa chakula kizuri anaongeza gramu 30 kwa siku, na anahitaji karibu kilo 3.5 za peleti kwa kila kilo moja anayoongeza. Kwa chakula hafifu anaongeza gramu 20, na anahitaji kilo 5.

Kwa chakula kizuri kila sungura atakula kilo 4.9, hivyo mfuko wa Sh75,000 utafikisha sungura 10. Kila mmoja amegharimu Sh7,500. Kwa chakula hafifu kila sungura atakula kilo 7, hivyo mfuko wa Sh60,000 utafikisha sungura 7. Kila mmoja amegharimu zaidi ya Sh8,500. Wa kwanza atakuwa tayari kwa siku 47 hivi, wa pili siku 70. Hapo bado hawajahesabiwa waliokufa njiani.

Familia inaweza kufanya hesabu yake yenyewe kwa daftari la shule na mizani ndogo. Iandike siku mfuko ulipofunguliwa, uzito wa watoto siku ya kuachishwa, uzito wao kila wiki, siku mfuko ulipoisha na idadi ya waliokufa. Baada ya mifuko miwili ya aina tofauti, daftari litasema ipi ni nafuu kweli. Kazi hiyo mtoto wa shule anaiweza, na inamfundisha hesabu.

Mzao mmoja, karibu mfuko mmoja

Hesabu nyingine inayowashtua wanaoanza ni ya mzao mmoja. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Jike mwenye mimba akila gramu 120 za peleti kwa siku, hutumia karibu kilo 3.7. Akinyonyesha kwa siku 35 kwa gramu 250 kwa siku, hutumia karibu kilo 9. Watoto 7 wakila kilo 4.9 kila mmoja hadi kufikia kilo 2, hutumia kilo 34. Jumla ni kilo 47, kama peleti ndiyo chakula kikuu.

Maana yake ni kwamba kabla ya kumpeleka jike kwa dume, familia ijiulize kama ina fedha za mfuko mmoja katika miezi minne ijayo. Familia yenye majike matatu wanaozaa kwa pamoja inahitaji mifuko mitatu. Wengi huhesabu vizimba, hawahesabu mifuko. Fedha zikikata katikati, watoto wanabadilishiwa chakula ghafla au wanashindishwa na njaa kisha kushibishwa siku moja. Yote mawili huleta ugonjwa wa tumbo. Jike mmoja anayelishwa vizuri ana faida kuliko majike watatu wanaolishwa kwa kubahatisha.

Majani ni chakula, peleti ni nyongeza

Njia ya kweli ya kupunguza gharama ni majani. Ukoka, matete machanga, matembele, kishona nguo na majani ya mlonge hupatikana maeneo mengi ya pembezoni mwa jiji bila gharama au kwa fedha kidogo. Majani makavu ya nyasi yawepo kizimbani muda wote. Hutoa nyuzinyuzi na kusaidia kusugua meno ya sungura, ambayo hukua maisha yake yote.

Majani yakiwepo ya kutosha, dume na jike asiye na mimba huhitaji peleti kidogo tu. Peleti nyingi zielekezwe kwa makundi mawili: jike anayenyonyesha na watoto walioachishwa kunyonya. Familia yenye mfuko mmoja ikiugawa sawa kwa wote, inawanenepesha wasiozaa na kuwanyima wanaokua. Jike aliyenenepa kupita kiasi huwa mgumu kushika mimba.

Majani yakatwe mbali na barabara kubwa, mitaro ya maji machafu na bustani zilizopuliziwa dawa. Yaliyolowa mvua au umande yatandazwe kivulini hadi yanyauke. Yasirundikwe yakapata joto, kwa sababu yatachacha kabla hayajaliwa. Majani ya parachichi, nyanya na viazi mviringo yasitumike, yana sumu. Ugali uliobaki, mkate na maandazi, ambavyo watoto hupenda kuwapa sungura wakidhani wanawapenda, ni wanga mtupu. Mzazi awaeleze watoto mapema kwamba zawadi ya sungura ni jani.

Pumba za mahindi peke yake nazo si mlo. Zina wanga mwingi na kalsiamu kidogo, wakati jike anayenyonyesha anahitaji kalsiamu nyingi kwa ajili ya maziwa. Kuchanganya chakula nyumbani kwa pumba za ngano, mashudu ya alizeti, majani makavu yaliyosagwa, chumvi na madini kunawezekana, lakini kwa vipimo vya afisa mifugo, si kwa kukisia. Tatizo jingine la unga ni kwamba sungura huchagua anachopenda na kuacha kingine, na vumbi lake humsumbua puani. Peleti ina faida hiyo moja kubwa: kila punje ina mchanganyiko uleule.

Dukani atazame nini

Kwanza, lebo. Mfuko ueleze kuwa ni wa sungura, utaje protini, nyuzinyuzi, jina la mtengenezaji na tarehe ya kutengenezwa. Nyuzinyuzi zikiwa chini ya asilimia 14, au zisipotajwa kabisa, mzazi aulizie mwingine. Tarehe ikiwa imepita miezi mitatu, vitamini zimeanza kupungua hata kama peleti zinaonekana nzima.

Pili, chakula cha kupimiwa kwa kilo. Familia nyingi hazimudu mfuko mzima, na si vibaya kununua kilo tano. Lakini mnunuzi aombe kuona mfuko ambao chakula kimetoka, asome lebo yake, na aulize ulifunguliwa lini. Mfuko ulioachwa wazi mlangoni mwa duka kwa wiki nzima, huku vumbi la barabara na unyevu vikiingia, hauna bei nzuri.

Tatu, macho na pua. Peleti nzuri ni ngumu kiasi na zinalingana, na zina harufu ya nyasi kavu. Zikiwa na harufu ya uvundo, zimegandana, zina utando wa kijivu au kijani, au robo ya mfuko ni unga, ziachwe. Unga mdogo wa chini uchekechwe kabla ya kulisha.

Nne, usajili. Sheria ya nyanda za malisho na vyakula vya mifugo ya mwaka 2010 inawataka wanaotengeneza na kuuza vyakula vya mifugo kibiashara wasajiliwe. Chakula kisicho na jina la mtengenezaji hakina wa kumuuliza kikileta madhara.

Majirani watano au sita wanaweza pia kuungana. Wakinunua mifuko kadhaa kwa pamoja wana nguvu ya kujadili bei na kugawana usafiri. Wakiwa na shaka, wanaweza kuchangia gharama na kupeleka sampuli Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, yenye maabara yake Temeke, ambayo huchunguza ubora wa vyakula vya mifugo.

Uvundo wa masika

Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu, na wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, chakula huvunda haraka. Baadhi ya kuvu wanaoota kwenye nafaka na mashudu hutoa sumukuvu. Watanzania wanaikumbuka sumu hiyo kwa tukio la mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambapo watu 68 waliugua na 20 kufariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi zaidi. Hushambulia ini, mnyama huacha kula, hukonda na kufa. Jike anayekula chakula chenye sumukuvu huipitisha kwenye maziwa.

Kwa hiyo mahindi yaliyovunda ambayo familia imekataa kuyala yasihamishiwe bandani. Kupika, kuanika wala kupepeta uvundo hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mfuko wa peleti uwekwe juu ya chaga au matofali, usiguse ukuta, na ufungwe kila baada ya kutumika. Ndoo yenye mfuniko huzuia pia panya. Wakati wa mvua ni afadhali kununua kidogo mara kwa mara kuliko kujaza stoo.

Kubadilisha chakula na kuhara

Familia ikiamua kuhamia aina nyingine ya peleti, ifanye hivyo taratibu kwa siku 7 hadi 10, ikianza na robo ya chakula kipya na robo tatu za cha zamani. Siku ya kuachisha watoto kunyonya si siku ya kubadilisha chakula. Mzazi anayeuza watoto wa sungura ampe mnunuzi peleti kidogo za kuanzia, ili tumbo lisikutane na mambo mawili mapya kwa siku moja.

Maji yawepo usiku na mchana. Jike anayenyonyesha kwenye joto la jiji anaweza kunywa lita moja au zaidi kwa siku. Chupa ikikauka, hata peleti nzuri hataigusa, na maziwa hupungua.

Mtoto wa sungura akianza kuharisha, aondolewe peleti, abakizwe na nyasi kavu na maji safi, atengwe na wenzake, na afisa mifugo wa kata aitwe mapema. Jambo la kuepuka kabisa ni kumpa dawa za binadamu zilizobaki nyumbani. Amoksilini na ampisilini zikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu rafiki vya tumboni na kuwaachia nafasi bakteria wanaotoa sumu. Kidonge kilichomsaidia mtoto wa nyumbani kinaweza kumuua sungura. Dawa itakayotolewa na mtaalamu nayo ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na siku hizo ziheshimiwe, kwa kuwa nyama hiyo italiwa na watoto.

Faida inayorudi mezani

Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Nyama ya sungura ina protini nyingi, karibu gramu 20 kwa kila gramu 100, na mafuta kidogo. Sungura mmoja wa kilo 2 hutoa karibu kilo moja ya nyama, inayotosha kitoweo cha familia bila kuhitaji jokofu.

Lakini faida hiyo haifiki kama sungura wote wanauzwa kufidia mifuko iliyoharibu banda. Familia ipange tangu mwanzo: katika kila mzao wa watoto 7, watano wauzwe kulipia chakula na mahitaji ya shule, wawili wabaki kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Mtoto anayewahudumia anawe mikono kwa sabuni akitoka bandani, na akionekana na mapunye afikishwe kituo cha afya, kwa kuwa sungura nao huugua fangasi hao na huwaambukiza watu.

Kwa mzazi anayekwenda dukani Jumamosi hii, maswali ni matatu, na bei ni la mwisho: nyuzinyuzi ni asilimia ngapi, kimetengenezwa lini, na kilo moja ni shilingi ngapi. Muuzaji akishindwa kujibu mawili ya kwanza, la tatu halina haja ya kuulizwa.